Shotigani haichagui shabiki mkorofi

Dakika tisa. Ndo muda ambao mechi ya Gimnasia na Boca Juniors iliishi usiku wa Oktoba 6, 2022 mjini La Plata, Argentina, kabla refa hajaisimamisha na wachezaji kukimbilia vyumbani. Hakukuwa na ngumi uwanjani wala penalti ya utata. Nje ya geti kulikuwa na mashabiki wenye hasira waliokuta uwanja umeshajaa, na mbele yao walisimama polisi wa jimbo la Buenos Aires wakiwa na mabomu ya machozi na shotigani zenye risasi za mpira. Moshi ukavuka ukuta, ukaingia jukwaani, ukashuka hadi kwenye nyasi. Wazazi wakabeba watoto na kukimbilia katikati ya uwanja kutafuta hewa. Mpigapicha wa televisheni, kamera ikiwa begani, akalimwa risasi za mpira na polisi kwa karibu. Shabiki mmoja wa Gimnasia mwenye miaka 57 moyo wake ukasimama, akafariki.

Siku tano tu kabla ya hapo, Oktoba 1, watu 135 walikufa Kanjuruhan, mjini Malang, Indonesia, baada ya Arema kufungwa 3-2 na Persebaya na polisi kufyatua mabomu ya machozi kuelekea majukwaani. Dunia nzima ilikuwa bado inalia na Malang. Polisi wa La Plata walikuwa na televisheni kama watu wengine. Walijua. Wakafyatua hivyo hivyo.

Na La Plata haikuwa mara ya kwanza. Juni 10, 2013, katika mji huo huo, Lanús walikwenda kucheza na Estudiantes. Shabiki wa Lanús alipigwa risasi ya mpira ya polisi kifuani, kwa karibu, akafa. Risasi ya mpira, ile ambayo kila msemaji wa polisi duniani anapenda kuiita "isiyoua". Matokeo yake ni kwamba Argentina ilipiga marufuku mashabiki wa timu ngeni, na marufuku hiyo ikadumu zaidi ya miaka 10. Hebu shabiki wa Simba ajaribu kuwaza Kariakoo dabi bila hata jezi moja nyekundu jukwaani kwa miaka 10, au Mashemeji dabi ya Gor Mahia na AFC Leopards ikichezwa mbele ya upande mmoja tu. Aliyefyatua alikuwa polisi, lakini adhabu wakabeba mashabiki wa nchi nzima.

Kila balaa kama hili likitokea, mjadala hukimbilia kwenye gesi. Ni haki, kwa sababu gesi ndiyo imeua wengi zaidi. Lima 1964, mechi ya Peru na Argentina, watu 328, wengi wao wakibanwa kwenye ngazi zilizoishia kwenye milango iliyofungwa. Accra Mei 9, 2001, Hearts of Oak na Asante Kotoko, watu 126. Kinshasa Mei 11, 2014, AS Vita na TP Mazembe, watu 15. Lakini ile bunduki inayosimama pembeni ya gesi, yenye mtutu mnene na mpini wa mbele unaovutwa, huwa haizungumzwi kabisa. Ni kama ile kadi ya njano ya beki wa pembeni, hakuna anayeikumbuka hadi apewe ya pili.

Basi izungumzwe. Mtu akiielewa inavyofanya kazi ataelewa kwa nini haina kazi uwanjani.

Shotigani ya pampu ni mashine rahisi sana. Chini ya mtutu kuna bomba linalopanga risasi moja nyuma ya nyingine, kama soda kwenye kreti ya safu moja. Juu ya bomba hilo kuna mpini anaoushika mtu kwa mkono wa mbele. Akiuvuta nyuma, komeo linafunguka, ganda la risasi iliyokwisha kupigwa linarushwa nje, nyundo inakokiwa, na risasi mpya inatoka kwenye bomba na kunyanyuliwa na kijiko kidogo cha chuma. Akiusukuma mbele, risasi inaingia chemba na komeo linajifunga. Ule mlio ambao kila mtu ameusikia kwenye filamu, kra-chak, ni safari hiyo ya kwenda na kurudi. Hakuna umeme, hakuna gesi inayosukuma kitu. Nguvu yote ya kuhudumia bunduki inatoka kwenye bega na kiwiko cha mtu.

Risasi yenyewe nayo si risasi kama ya bastola. Ni ganda la plastiki lenye kitako cha chuma, na zamani lilikuwa la karatasi. Ndani yake kuna fataki, baruti, kizibo, kisha goroli. Zikiwa ndogo zinaweza kuwa mamia, za kuwindia ndege. Zikiwa kubwa zinakuwa chache, labda tisa, za kumwangusha paa au mtu. Mtutu ni laini ndani, hauna ile mikato ya kuzungusha risasi iende moja kwa moja. Goroli zikitoka zinaanza kutawanyika, na kadiri zinavyokwenda mbali ndivyo zinavyoachana. Hata ukubwa wa bunduki hii unapimwa kizamani. Geji 12 maana yake ni kwamba goroli 12 za risasi zenye unene wa mtutu zina uzito wa ratili moja, yaani kama gramu 454. Mwenye kuipenda hesabu hiyo aipende, lakini polisi wengi duniani wanabeba hiyo hiyo.

Kutawanyika ndiyo sifa yake. Iliundwa kumsaidia mtu anayelenga kitu kidogo kinachoruka, ndege au sungura, ili akikosea kidogo goroli mojawapo bado ifike. Wachezaji wa Olimpiki wanaolenga visahani vya udongo wanatumia kanuni hiyo hiyo, ingawa wao wanapenda bunduki ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine. Kwa mwindaji ni raha. Sasa iwekwe mbele ya jukwaa lenye watu 5,000 waliobanana, mkorofi mmoja akiwa ameshika jiwe, na pembeni yake mama mwenye mtoto begani. Sifa ile ile ya kusaidia kutokosa ndiyo inayohakikisha kwamba asiyehusika naye anapata. Hapo polisi hata awe na jicho la Messi, bunduki haitamsikiliza.

Ilifikaje huko? Mmarekani Christopher Spencer, aliyekwisha kujijengea jina kwa bunduki zake wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe, ndiye aliyeingiza sokoni shotigani ya pampu ya kwanza iliyofanikiwa, miaka ya 1880. Kisha akaja fundi aliyewafunika wote, John Browning wa Utah. Kampuni ya Winchester ilimtaka shotigani ya kufyatua nyingi mfululizo, tena wakataka iwe ya wenzo, kwa sababu bunduki za wenzo ndizo zilizokuwa zimewapa jina. Browning aliona pampu ingefaa zaidi, lakini mwenye pesa ni mwenye pesa, akawaundia ya wenzo ya mwaka 1887. Baadaye wakamrudia, akawapa pampu ya 1893, na akairekebisha ikawa Model 1897. Hiyo ikauzwa zaidi ya milioni moja na kuundwa hadi miaka ya 1950. Remington nao wakatoa Model 870 mwaka 1950, ambayo imevuka milioni 10. Mossberg 500 ikafuata miaka ya 1960. Ukiona polisi wa nchi yoyote na pampu mkononi, kuna uwezekano mkubwa ni mojawapo ya hizo mbili au ndugu yake wa kuiga.

(Hapa shabiki wa Arsenal anaweza kuuliza kama Washika Mitutu wamo. Hawamo. Jina lao linatoka kwenye kiwanda cha silaha cha Woolwich, ambako wafanyakazi waliianzisha timu mwaka 1886, na mtutu wao ni mzinga. Waendelee kuhangaika na mambo yao mengine.)

Kisha vita. Mwaka 1918 wanajeshi wa Marekani walikwenda kwenye mahandaki ya Ufaransa na Model 1897 iliyokatwa mtutu, ikavikwa bati lenye matundu ili mkono usiungue, na kuwekwa mahali pa kufunga singe. Ndani ya handaki jembamba, ambako adui yupo hatua chache mbele, ilikuwa balaa. Tena bunduki hiyo ilikuwa na tabia moja: mtu akishikilia triga bila kuiachia, kila akisukuma mpini mbele risasi inatoka. Wajerumani, ambao wenyewe walikuwa wametumia gesi ya sumu, walilalamika rasmi Septemba 1918. Walisema silaha hiyo inasababisha mateso yasiyo ya lazima kinyume cha mkataba wa Hague, na wakatishia kuwaua mateka watakaokamatwa nayo. Marekani ikakataa na kujibu kwa vitisho vyake. Vita ikaisha Novemba, mjadala ukafa.

Kuna kitu cha kuangalia hapo bila kuongeza chumvi. Goroli za mahandakini zilikuwa za risasi, za La Plata zilikuwa za mpira, na hakuna mwenye akili anayesema ni kitu kimoja. Ila mfano wa gesi ni mzito zaidi. Mabomu ya machozi yamekatazwa kutumika kama silaha ya vita, mkataba wa silaha za kemikali wa 1993 unasema wazi, lakini mkataba huo huo unayaruhusu kwa kazi ya polisi ndani ya nchi. Mwanajeshi akiwa uwanja wa vita analindwa na sheria dhidi ya moshi ambao shabiki aliyelipia tiketi ya mzunguko anaweza kufyatuliwa akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Turudi kwenye pampu, maana kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Bunduki za kujikoki zenyewe zilishakuwapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na Browning huyo huyo ndiye aliyefanikisha shotigani ya namna hiyo. Kwa nini basi polisi wanabaki na pampu hadi leo? Sababu mojawapo kubwa ni risasi za mpira. Bunduki ya kujikoki inategemea nguvu ya mlipuko kurudisha komeo nyuma. Risasi ya mpira, au ya mfuko wa goroli, au ya gesi, imewekwa baruti kidogo, mlipuko wake ni dhaifu, na bunduki inagoma katikati ya kazi. Pampu haijali. Mkono wa mtu ndio unaoikoki, kwa hiyo inameza chochote: goroli za chuma, za mpira, kopo la gesi, risasi moja nzito ya kuvunjia bawaba za mlango.

Huo ndo uzuri wake kwa ofisa wa manunuzi, na ndo ubaya wake kwa shabiki. Bunduki ile ile, bomba lile lile, inaweza kuwa na mpira au na chuma, na mtu aliye jukwaani hana namna ya kujua. Hata polisi mwenyewe, usiku, watu wanapiga kelele, mikono inatetemeka, anategemea tu kwamba aliyejaza bomba alijaza alichoambiwa.

Na huo mpira nao, ni mpira? Chile walijibu swali hilo mwaka 2019. Polisi wao walitumia shotigani za geji 12 dhidi ya waandamanaji, na watu zaidi ya 400 wakaumizwa macho. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chile wakazipima zile goroli na kukuta mpira ni asilimia 20 tu. Iliyobaki ni vitu vigumu, yakiwamo madini ya silika na risasi yenyewe. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la BMJ Open lilichapisha uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali kuhusu risasi za aina hii. Kati ya watu 1,984 walioumizwa, 53 walikufa na 300 wakabaki na ulemavu wa kudumu. Neno "isiyoua" likafutwe kwenye taarifa kwa vyombo vya habari.

Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo mwaka 2020 kuhusu silaha hizi. Unasema risasi za kugonga zilengwe tumboni chini au miguuni, kwa mtu mahususi anayefanya vurugu, pale tu panapokuwa na tishio la kuumiza watu. Unasema pia kwamba kufyatua goroli nyingi kwa pamoja hakuna shabaha na kwa ujumla hakuwezi kukidhi masharti hayo, na goroli za chuma zisitumike kabisa. FIFA nao, kwenye kanuni zao za usalama wa viwanja, wamekataza wanaopangwa kuzunguka eneo la kuchezea kubeba au kutumia silaha za moto na gesi ya kutuliza umati. Kanuni zipo. Kanjuruhan waliokuwa zamu siku ile walikuwa na gesi tele.

Sasa upande wa polisi, maana nao wana hoja. Mashabiki si malaika. Desemba 2024 pale Mkapa, mechi ya Simba na CS Sfaxien iliisha kwa viti kung'olewa na kurushwa, na Simba wakalipa kwa kucheza mechi iliyofuata ya nyumbani ya makundi bila mashabiki. Agosti 2025 pale Kasarani, wakati wa CHAN, watu wasio na tiketi walilazimisha kupita mageti, mabomu ya machozi yakapigwa, CAF ikapunguza idadi ya watu wanaoruhusiwa kuingia. Ofisa aliye na wenzake 10 mbele ya watu 2,000 wanaosukuma geti anaogopa, na kumwambia asiogope ni utani. Atatumia alichopewa.

Ndiyo maana swali si roho ya yule ofisa, ni nini kimewekwa mkononi mwake na nani aliyekiweka. Akipewa shotigani atafyatua shotigani. Kikosi kinachofika uwanjani na pampu na makopo ya gesi kimeshaamua kabla ya mpira kuanza kwamba umati ukileta shida, jibu ni kuutawanya. Kuutawanya mtaani inawezekana, kuna vichochoro, watu wanakimbilia nyumba za jirani. Uwanjani watatawanyika kwenda wapi? Kuna ngazi, kuna geti, na mara nyingi geti limefungwa. Lima walikufa ngazini. Accra walikufa wakitafuta njia za kutokea zilizofungwa. Malang walikufa kwenye milango. Waingereza walipoteza watu 97 Hillsborough mwaka 1989 bila hata risasi moja wala kopo la gesi, kwa sababu ya uzio, geti na uongozi mbovu wa umati. Sasa hali kama hiyo ikaongezewe na mlio wa shotigani, mtu anatarajia nini?

Mbaya zaidi, ule mlio wenyewe ni silaha. Wanaoitetea pampu hupenda kusema kra-chak peke yake inatuliza watu. Labda dukani usiku, kwa mwizi mmoja. Kwenye umati wa watu 40,000, waliopo mbele wanausikia na kugeuka, waliopo nyuma hawasikii kitu na bado wanasukuma mbele. Waliopo katikati ndio wanaokufa.

Kuna wanaosema Afrika Mashariki shotigani si tatizo letu, kwetu ni virungu na mabomu ya machozi. Ni kweli kwa kiasi kikubwa, na ni bahati ambayo isichezewe. Afcon 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania. Mashindano makubwa huja na bajeti kubwa ya usalama, na wauzaji wa vifaa vya kutuliza ghasia nao hawalali. Risasi za mpira zitanadiwa kama kitu cha kisasa, cha kibinadamu, cha kati kwa kati baina ya kirungu na risasi ya moto. Katalogi ya La Plata nayo bila shaka ilisema hivyo hivyo.

Pesa hiyo hiyo inanunua vitu vingine. Inanunua mzunguko wa kwanza wa ukaguzi wa tiketi mbali na ukuta wa uwanja, ili asiye na tiketi arudishwe barabarani, asifike kwenye geti akiwa na wenzake 2,000 nyuma yake. Inanunua mageti yanayofunguka kwa nje, na mtu wa kusimama kwenye kila geti mwenye funguo mfukoni na redio mkononi, si funguo zilizobaki kwa mzee mmoja aliyekwenda kunywa chai. Inanunua mafunzo ya wasimamizi wa majukwaani wanaojua kuongea na shabiki aliyefungwa dakika ya 90. Vitu hivi havina mlio na havipigwi picha gazetini.

Kila uwanja utakaotumika 2027 utatakiwa kuwa na mpango wa usalama ulioandikwa. TFF, FKF na FUFA, pamoja na majeshi ya polisi ya nchi zote tatu, wanayo nafasi sasa hivi ya kuweka ndani yake ukurasa mmoja unaosema ni silaha gani zinaruhusiwa kuvuka geti la nje, ziko ngapi, zimejazwa nini, na ni kamanda yupi kwa jina na cheo anayeweza kutoa amri ya kufyatua. Ukurasa huo utangazwe kabla tiketi ya kwanza haijauzwa. Kama kutakuwa na shotigani ya pampu kwenye orodha, mashabiki wajulishwe wakiwa bado nyumbani.